Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii, msomaji, umeisikia tangu utotoni, na bila shaka umepata kuiandikia insha. Aghalabu hutajwa siku ambayo kuku amechinjwa kwa ajili ya mgeni, na watoto wa nyumbani nao wakapata kuchovya mchuzi. Leo nataka tuipime kwa kazi moja iliyoenea katika mji wa Mombasa, nayo ni kazi ya kumpakia mgeni katika tuktuk na kumzungusha mjini, dereva akiendesha na mwongoza wageni akieleza, au mtu mmoja akizifanya kazi zote mbili. Nasema mapema, usije ukadhani nimekupoteza njiani, kwamba kazi hiyo ni njema. Kwamba inaharibiwa na uongo. Na kwamba lawama ya uongo huo haimwangukii yule anayeusema peke yake. Sehemu yetu, mimi na wewe, ni kubwa.

Kwanza niwajibu wanaoidharau tuktuk yenyewe. Wako watu ambao huona haya kuonekana ndani ya chombo hiki. Husema kwamba ni kelele tupu, na kwamba mgeni wa heshima hapakiwi katika kijigari cha magurudumu matatu. Laiti wangalijua nasaba yake! Baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia nchi ya Italia ilikuwa imebomoka, na watu wake hawakuwa na fedha za kununua magari. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ilitoa kigari cha magurudumu matatu kilichoitwa Ape, maana yake nyuki, kama vile pikipiki iliyokitangulia ilivyoitwa Vespa, yaani nyigu. Mhandisi aliyevibuni vyote viwili aliitwa Corradino D'Ascanio. Vigari vya namna hiyo vikafika India, vikatengenezwa huko kwa wingi, hata ndugu zetu wa Tanzania wakakiita chombo hiki bajaji kwa jina la kiwanda cha Kihindi. Jina la tuktuk limetoka Thailand, kwa kuiga mlio wa injini. Basi hiki ni chombo kilichozaliwa na dhiki, kikawafaa wenye dhiki wa mabara mengi. Anayekicheka amecheka ufukara wa watu na werevu wao kwa pamoja.

Tena, kwa kazi ya kutazama mji, sioni kinachoishinda tuktuk ila miguu. Ubavu wake u wazi. Mwendo wake si wa kasi. Watu watatu hukaa nyuma wakazungumza na dereva bila kupaza sauti sana. Huingia katika vichochoro ambavyo basi haliwezi hata kuvichungulia. Mgeni aliyefungiwa nyuma ya kioo cha basi huutazama mji kama picha ukutani; wa tuktuk hupata harufu ya mahamri na viazi karai, husikia mwadhini na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake, na jua likimchoma humchoma pamoja na wenyeji. Kwa hiyo sina ugomvi na chombo. Ugomvi wangu ni na maneno yanayosemwa ndani yake.

Nimepata kumsikia mwongoza wageni mmoja, akiwa amesimama mbele ya Fort Jesus, akiwaambia watu waliomlipa kwamba ngome ile ilijengwa na Vasco da Gama alipofika mwaka 1498. Wale wageni wakatikisa vichwa, wakapiga picha, wakaondoka. Sasa wewe mwanafunzi chukua kalamu ufanye hesabu. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, akaondoka upesi kwenda Malindi, wala hakuacha jiwe juu ya jiwe. Alifariki mwaka 1524. Ngome ilianzwa kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Yaani huyo anayesifiwa kwa kuijenga alikuwa amekwisha kuzikwa miaka 69!

Nenda hadi Mapembeni. Pale mgeni huonyeshwa zile pembe kubwa zinazoikata barabara ya Moi, na si ajabu akaambiwa kwamba ni kumbukumbu ya ndovu, au ya wafalme wa kale wa Kiafrika. Pembe zile ni za aluminiamu. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa ajili ya kuulaki ukoo wa kifalme wa Uingereza. Mtu aweza kuzipenda au kuzichukia akiisha kujua habari hiyo. Asiyeijua hana la kuchagua, amepewa pambo tu.

Lakini uongo unaoniudhi kuliko wote ni ule wa kukigeuza kila chumba chenye giza kuwa shimo la watumwa. Mwongoza wageni akiona ghala ya zamani, au kisima kilichokauka, au ngazi inayoteremka baharini, hushusha sauti yake na kusema, "Hapa ndipo walipofungwa." Hana ushahidi, ila ameona kwamba wageni huguswa, na wakiguswa huongeza bakshishi. Msomaji, biashara ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa kweli, na walioteseka walikuwa watu kweli, wenye mama zao na majina yao. Kubuni shimo lisilokuwapo ni kuwafanya wafu hao kuwa mchezo wa kuigiza. Ubaya mwingine ni kwamba siku mgeni akigundua kuwa shimo moja ni la kubuni, hata lile la kweli hataliamini tena.

Najua nitajibiwa, na ni haki majibu hayo yasikilizwe. Jibu la kwanza ni kwamba mgeni hajui, naye amekuja kustarehe, wala hana mtihani wa historia anaoungoja. Nasema, hiyo ndiyo sababu hasa ya kumwambia kweli. Kumdanganya ajuaye ni upuuzi, maana atakucheka. Kumdanganya asiyejua, aliyekuamini akakukabidhi fedha na masikio yake, ni khiana. Tena mgeni hurudi kwao. Lile uliloliweka kichwani mwake katika saa mbili atalieneza mbali, naye atasema, "Nimelisikia kwa mwenyeji mwenyewe." Nani atamsadiki mwanafunzi wa Mombasa akilikanusha?

Jibu la pili ni la riziki. Dereva wengi si wenye tuktuk. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu yake, mvua ikinyesha au jua likiwaka, nao hubaki na kilichozidi. Mtu wa namna hiyo, husemwa, hana nafasi ya kusoma vitabu. Humchukua mgeni haraka, humweleza lolote litakalompendeza, humshusha, akamkimbilia mwingine. Hoja hii ina uzito, wala mimi siwezi kuidharau, kwa kuwa tumbo halina likizo. Lakini hebu tuitazame kwa karibu. Inaonyesha kwamba dereva anabanwa. Haionyeshi kwamba uongo unamfungulia. Kutamka 1593 hakuhitaji muda mrefu kuliko kutamka 1498, na petroli inayochomwa ni ile ile. Kinachohitajika ni kujifunza mara moja, na elimu ikiisha kupatikana hailipiwi hesabu ya jioni. Ama tajiri na mgeni wana wajibu wao pia: anayetaka kuelezwa vizuri na alipe kwa saa, si kwa idadi ya vituo, ili dereva asione faida ya kukimbia.

Jibu la tatu ndilo dhaifu kuliko yote, nalo hutolewa kwa majivuno. Husemwa kwamba kweli haina utamu, na kwamba mgeni atasinzia ukimpa miaka na majina. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema asemaye kwamba historia ya Mombasa haina utamu hajaifungua hata ukurasa mmoja.

Simama pale pale penye lango la ngome, umweleze mgeni habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme Hasan bin Ahmad, aliuawa kwa hila ya Wareno. Mtoto akachukuliwa kupelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kutawala kama Wareno walivyotaka. Mwezi wa Agosti, mwaka 1631, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni wa Wareno kwa mkono wake mwenyewe, akairudia dini ya baba zake, na Wareno waliokuwamo mjini wakauawa, wanaume, wanawake na watoto. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa, akaishia baharini. Je, alikuwa shujaa au mwuaji? Mtoto aliyelelewa na wauaji wa baba yake alikuwa na deni kwa nani? Mwambie mgeni habari hii, uone kama atasinzia! Yamkini atakuuliza maswali hata mshindwe kuondoka.

Au umweleze mazingiwa makuu yaliyoanza mwezi wa Machi mwaka 1696, Waarabu wa Oman walipoizunguka ngome, yasiishe hadi Desemba mwaka 1698. Maradhi na njaa viliwafyeka waliokuwa ndani. Ulifika wakati Wareno walikuwa wamekufa karibu wote, na ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake wachache na wanawake wa Kiafrika. Hao ndio walioilinda mpaka msaada ulipofika. Katika mazingiwa hayo hayo, mwaka 1697, jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanná, lilizama chini ya kuta za ngome. Wapiga mbizi na wataalamu walilichimbua baina ya mwaka 1977 na 1980, na vyombo vilivyotolewa humo viko katika jumba la makumbusho mle ngomeni, ambamo mgeni wa tuktuk mara nyingi haingizwi kwa sababu dereva ana haraka.

Na kama ni habari za utumwa unazozitaka, pinda kona, vuka daraja la Nyali, ufike Kengeleni. Wasafiri hulitaja jina hilo kila siku wakiwa ndani ya matatu, na wachache hujiuliza ni kengele gani. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana waliuanzisha pale mji wa watumwa waliokombolewa, ukaitwa Freretown kwa jina la Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyepelekwa Unguja mwaka 1873 kuhimiza biashara ile ipigwe marufuku. Kengele iliwekwa iwaonye wakazi hatari ikikaribia. Kengele yenyewe ingali pale, kando ya barabara. Hapana haja ya kubuni shimo. Pana kengele ya watu waliofungwa wakafunguliwa, wakahofia kufungwa tena. Kwa nini tuwape wageni bandia, na asili tunayo?

Sasa niseme neno juu ya adabu, kwa kuwa uongo si kosa pekee. Iko tabia ya kuwageuza wenyeji kuwa sehemu ya maonyesho. Tuktuk husimama mbele ya nyumba ya watu katika Mji wa Kale, mlango wa nakshi ukaelezwa, na mwanamke aliyekaa barazani na buibui lake akapigwa picha pamoja na mlango, asiulizwe radhi, kana kwamba naye amechongwa na fundi yule yule. Nyumba njema si mlango, wasema Waswahili, fungua uingie ndani. Na ndani hapaingiwi bila hodi. Mwongoza wageni anayeujua mji humwomba dereva azime injini mwanzoni mwa kichochoro, akawashusha watu wake, akawafundisha kusalimu, akawaambia mapema kwamba msikitini huvuliwa viatu na kwamba uso wa mtu huombwa kabla ya kupigwa picha. Asiyeyafanya hayo ni mchukuzi, naye aitwe mchukuzi.

Tusidhani kwamba balaa hii ni yetu peke yetu. Huko Lisbon, mji mkuu wa wale wale Wareno walioijenga ngome yetu, tuktuk za watalii ziliongezeka katika miaka ya 2010 hata wakazi wa vilima na vichochoro vya kale wakalalamikia kelele na msongamano, na wakuu wa mji wakaziwekea masharti. Hilo litufundishe kwamba mji ukitazamwa sana bila kuheshimiwa, wenyeji wake huchoka kutazamwa. Mombasa isingoje kufikia hapo.

Nimekwisha kumlaumu dereva na mwongoza wageni. Sasa nakugeukia wewe, msomaji, na kujigeukia mimi na walimu wenzangu. Ni wanafunzi wangapi waliozaliwa kisiwani Mombasa, au ng'ambo ya feri kule Likoni, ambao hawajapata kuingia ngomeni? Wengi hudhani kwamba kutembea mjini kwa kutazama ni anasa ya watu weupe. Hupita chini ya pembe za Mapembeni kila asubuhi wasiulize zimetoka wapi. Mwongoza wageni alijifunzia wapi uongo wake? Alijifunza mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Bwana, hapo umekosea." Uongo huota kama magugu katika shamba lisilolimwa, na shamba hilo ni letu. Wageni wametembea nchini mwetu wakiandika na kusimulia. Sisi tumekaa barazani tukiwatazama wanavyopita, kisha tunanung'unika kwamba habari zetu zinasimuliwa vibaya.

Haya, tufanye nini? Nakupa kazi, nami nakusihi usiichukulie kuwa mzaha. Siku ya likizo, wewe na wenzako wawili changeni nauli, mpatane na dereva kwa saa mbili. Msimwachie aende apendapo. Kabla ya siku hiyo nendeni maktabani, muandike maswali matano. Ni nani aliyejenga? Mwaka gani? Kwa faida ya nani? Nani aliyeumia? Umejuaje? Swali hilo la mwisho ndilo mama wa yote. Likiulizwa kwa upole na kwa heshima, "Mzee, habari hii tumeipata wapi?", mkweli hulifurahia, kwa kuwa humpa nafasi ya kuonyesha elimu yake, na mwongo hulikimbia. Dereva akiulizwa hivyo na watoto wa mji mara mbili tatu, atakwenda kutafuta jawabu. Mtakuwa mmemfundisha bila kumvunjia heshima, na pengine yeye atawafundisha ninyi mambo ya mitaa ambayo hayamo katika kitabu chochote, maana dereva wa Mombasa huijua mitaa yake kama viganja vyake.

Wakuu wetu nao wana la kufanya. Waongoza safari wa Kenya wana chama kinachowatahini kwa daraja tatu, shaba, fedha na dhahabu, na wengi wao wameziamkia alfajiri nyingi wakijifunza nyayo na majina ya ndege. Ni vizuri. Lakini ikiwa anayetaka kueleza habari za simba husoma na kutahiniwa, sembuse anayetaka kueleza habari za babu zetu? Simba akisingiziwa hapungukiwi na kitu. Mji ukisingiziwa, watoto wake hurithi singizio hilo, wakalikariri kwa wajukuu. Hayo ni majeraha yasiyotoka damu. Nataka kila dereva wa tuktuk anayepakia watalii afundishwe bure, hata kwa siku tatu tu, katika makumbusho ya mji wake mwenyewe, apewe cheti cha kutundika mbele ya macho ya abiria, na mgeni ajue kwamba asiyekuwa na cheti hicho anauza safari peke yake, wala hauzi maelezo.

Na wewe usidhani kazi hii ni ya wale walioshindwa shule. Nimewasikia wazazi wakimtisha mtoto mvivu kwamba ataishia kuendesha tuktuk. Neno hilo ni baya mara mbili, kwa maana linamtukana mtu anayekula kwa jasho lake, tena linawafukuza wenye akili katika kazi inayohitaji akili. Laiti mwanafunzi bora wa historia wa kila shule ya pwani angeshika usukani ule hata kwa mwaka mmoja kabla ya kwenda chuo kikuu! Angelipwa kwa maarifa yake, na wageni wangeondoka wakijua kwamba walizungumza na mwenye mji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ashibe, ingawa kushiba nako ni katika kupona. Aliyesahau habari zake ni mgonjwa, na mgeni anayeuliza kwa hamu ya kujua humlazimisha azikumbuke. Hapo ndipo uponyaji ulipo. Lakini mwenyeji akimjibu kwa uongo amejitilia sumu katika dawa yake mwenyewe. Kwa hiyo utakaposikia tuktuk imesimama karibu nawe na mtu anawaeleza wageni habari za mji wako, usipite. Simama, usikilize. Akisema kweli mshukuru mbele yao. Akikosea, ngoja amalize, umwendee kando, umwamkie kama inavyompasa mkubwa wako, kisha umwambie iliyo kweli.